Kelele Iliyomsitiri Mzee Ojera

Kila siku saa nane mchana, pale Luzira, nyumba ya mzee Ojera iling'oa nanga. Ndivyo alivyoiona mwenyewe akiwa ameketi kwenye kochi lake karibu na dirisha, macho nusu yamefumbwa. Binti yake Lamunu huwasha ile kompyuta yake ya gemu kwenye kona ya sebule, feni zikaanza kwa mnong'ono, zikapanda, zikazidi kupanda, na mara sakafu nzima ikatetemeka kidogo chini ya nyayo. Kuta zinalegea. Ziwa, ambalo kwa kawaida hukaa mbali huko chini nyuma ya mabati ya bandari ya Port Bell, linasogea hadi kizingitini. Naye Ojera anaondoka nalo.

Alikuwa amefanya kazi miaka thelathini na mmoja chini ya sitaha, katika chumba cha injini cha meli ya mabehewa, akivuka kwenda Mwanza na Kisumu na kurudi. Juu ya kichwa chake reli na mabehewa ya ngano, chini ya miguu yake maji. Watu walimjua kwa masikio yake. Ukimletea jenereta mbovu hakufungua kitu. Alichukua bisibisi ndefu, ncha akaigusisha kwenye chuma, mpini akauegemeza kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, akafumba macho, kisha akakuambia ni beringi gani inayokufa na itakufa lini. Hata baada ya kustaafu, mafundi wa mtaa wa Nakawa waliendelea kuja kumuuliza.

Sasa nikuambie jambo ambalo hakuna mtu aliyelijua katika nyumba ile. Mzee Ojera alikuwa hasikii.

Si kwamba masikio yalikuwa yameziba kabisa. Vitu vizito alivipata: radi, mngurumo wa lori linalopanda kilima, mtetemo wa mashine. Vilivyomponyoka ni vile vyembamba, na maneno ya watu kwa bahati mbaya yamejaa vitu vyembamba. Mkewe Docus alipoongea, alijua kwamba anaongea. Alichokuwa akikisema kilimfikia kimelowa, kimepoteza kingo zake, kama sauti ya mtu aliye ng'ambo ya maji. Injini zilikuwa zimemla masikio kidogo kidogo, na yeye akanyamaza na jambo hilo mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Siri ya mtungi aijuaye kata, lakini kata ya nyumba hii haikuwa imepewa nafasi ya kuingia mtungini.

Aliwezaje kuishi hivyo? Kwa ujanja, mzee wa watu. Alitazama midomo. Alisema "ndiyo" kwa kila kitu kilichofanana na swali, na ajabu ni kwamba "ndiyo" humfikisha mtu mbali sana hapa duniani. Zaidi ya yote alikuwa na kompyuta. Tangu Lamunu ailete, miaka miwili nyuma, kila aliponyamaza pale alipotakiwa kujibu, alikunja uso na kuinyooshea kidole ile kona. Mashine ile inanguruma mno, alisema, mtu atasikia nini? Na wote wakakubali, kwa sababu hata wao hawakusikilizana. Kisha ikaja neema nyingine ambayo hakuitarajia: kwa ajili ya kelele ile watu wote walisogea karibu na uso wake na kupaza sauti, na wakipaza sauti alisikia nusu ya mambo. Kwa hiyo alipenda feni zile kwa moyo wake wote, ingawa kila siku alizilaani kwa mdomo.

Usimcheke. Alikuwa amemwona baba yake, mzee Otema, akizeeka kule kijijini Kitgum bila masikio. Watu walimpenda, walimlisha, walimfunika blanketi. Walimpigia kelele sikioni pale palipokuwa na jambo kubwa: chakula tayari, mvua inakuja, fulani amefariki. Basi. Hakuna aliyejisumbua kumwambia nani amegombana na nani kwenye foleni ya maji, wala kwa nini watoto wanacheka. Kiziwi huambiwa misiba na chakula tu, Ojera aliwaza, na yale mengine yote yaliyo katikati, ambayo ndiyo maisha yenyewe, hufa mlangoni kwake.

Na Docus wake alikuwa bingwa wa hayo ya katikati. Alikuwa amestaafu uaskari jela, na miaka yote ile getini ilimfundisha kutazama watu. Akirudi sokoni alikuwa na habari za kutwa nzima, akizimwaga huku akimenya ndizi za matooke, huku akifuma, huku akipita kutoka jikoni kwenda uani. Ojera hakuzisikia tena. Lakini zilikuwa bado zinasemwa kwake, na hilo ndilo alilokuwa akilinda. Aliogopa siku ambayo Docus atajua, aketi, aanze kuchagua yapi yanafaa kupigiwa kelele.

Jumatano moja kompyuta ikajizima. Lamunu alikuwa katikati ya gemu, skrini ikawa nyeusi ghafla. Akaiwasha, ikakaa dakika ishirini, ikazima tena. Alipogusa kasha lake aliuondoa mkono haraka kana kwamba amegusa sufuria ya maharage. Akampigia simu Pitshou.

Pitshou alikuwa Mkongo wa Bukavu, mwenye kibanda cha kutengeneza kompyuta Nakawa, na ndiye pia aliyekuwa nahodha wa timu yao: watu watano waliocheza pamoja kwa mtandao, kila mmoja kwake. Jumamosi saa nane walikuwa na mechi na timu ya Kisumu, nayo mechi hiyo walikuwa wameipigania mwaka mzima. Alikuja jioni hiyohiyo na blowa yake na mkoba wa vifaa, akafungua kasha, akapuliza vumbi jekundu mpaka uani kukawa kama kumepita ng'ombe. Akafuta pesti iliyokauka juu ya prosesa, ile pesti ya kupitisha joto, akampa mzee kichupa cha mpya amsaidie kupaka. Mtu wa injini ni mtu wa injini. Ojera akaminya rundo zima, kama anayejaza grisi kwenye shafti ya meli, na Pitshou akamshika mkono akicheka, akimsogelea usoni.

"Papa, punje ya mchele tu. Hii kitu haipendi kushiba."

Wakafuta, wakaanza upya, wakafunga. Pitshou akarudisha kila kitu mahali pake, akaiwasha. Feni zikapanda kama mwanzo, kasha likachemka kama mwanzo, na baada ya nusu saa, giza. Pitshou akafunga mkoba wake. Kisha, kwa aibu, akamwambia Lamunu kwamba isipopona kabla ya Jumamosi itabidi atafute mtu mwingine wa kukaa kwenye nafasi yake, kwani wanne hawawezi kuangushwa na mmoja. Lamunu akajibu kwamba anaelewa. Watu husema hivyo hasa wanapokuwa hawakubali.

Alhamisi asubuhi nyumba ilikuwa tupu. Lamunu alikuwa kwenye kazi yake ya asubuhi, Docus sokoni. Ojera akachukua bisibisi yake ndefu, akaenda mwenyewe kwenye ile kona. Akaiwasha mashine, akaingiza gemu lolote alilolikuta hapo, akasubiri feni zipande, kisha akaigusisha ncha kwenye kasha na mpini nyuma ya sikio.

Mfupa hausahau. Mngurumo ukapita kwenye chuma ukamwingia kichwani, safi, bila maji katikati, naye akatabasamu kwa mara ya kwanza wiki ile. Feni tatu. Zote nzima. Hakuna beringi inayolia, hakuna ubapa wa feni unaogusa. Zilikuwa zikikimbia tu, zikikimbia kama mtu aliyebanwa pua. Mashine hii haiumwi, akawaza. Mashine hii haipumui. Akapeleka kiganja juu ya kasha kutafuta mahali pumzi inapotokea, na kiganja chake kikatua kwenye kitambaa.

Hapa inabidi niseme kuhusu vitambaa. Katika nyumba ya Docus hakuna kitu kilichotembea uchi. Friji lilikuwa na kitambaa chake cha kufuma, redio chake, televisheni chake, makochi migongoni na mikononi, hata mtungi wa gesi ulivikwa. Kompyuta ile ilipoingia, nyeusi, na kioo ubavuni na taa za rangi zikizunguka tumboni, Docus aliitazama kama mgeni aliyekuja mezani bila shati. Wiki tatu baadaye ilikuwa na vazi: kitambaa cheupe chenye ukingo wa kijani, maua juu ya maua, kizito, kikifunika juu yote na kuning'inia nyuma. Pitshou mwenyewe alikuwa amekiinua kwa heshima kabla ya kufungua kasha, akakilaza kwenye kochi, na alipomaliza akakirudisha, akanyoosha kona zake zote nne. Hata kwa mama yake kule Bukavu mambo yalikuwa hivyohivyo. Pitshou, Lamunu na mzee mwenyewe walikishika kwa mikono yao na hakuna hata mmoja aliyekiona. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Hapa nguo yenyewe ndiyo iliyokuwa inakula, kidogo kidogo kwa miaka miwili.

Ojera akakiinua. Hewa ya moto ikapanda kutoka kwenye matundu ya juu, ikamgusa kidevu. Akasubiri. Feni zikashuka. Zikashuka tena. Mtetemo sakafuni ukafifia, na ziwa likarudi taratibu nyuma ya mabati ya bandarini, na kuta zikasimama wima, na nyumba ikawa nyumba.

Hakusikia chochote. Dirishani alimwona jogoo wa jirani akinyoosha shingo, akifungua mdomo, akiufunga. Matawi ya mparachichi yaliyumba bila kusema neno. Ulimwengu wote ulikuwa mzuri sana na uko mbali sana, naye akaogopa. Leo jioni Docus ataongea nyuma yake katika utulivu huu, naye hatakuwa na kona ya kunyooshea kidole.

Akakirudisha kitambaa. Akanyoosha kona zake zote nne. Feni zikapanda, naye akapumua.

Alijua alichokifanya, usidhani hakujua. Mchana kutwa alikwepa kuitazama ile kona, na Lamunu alipomwuliza, karibu kabisa na uso wake, kama ameweza kuona tatizo, alitikisa kichwa. Huo ulikuwa uongo wake wa kwanza kwa mtoto huyo ambao ulimgharimu mtoto.

Ijumaa mchana, feni zikinguruma, usingizi ulimchukua kwenye kochi na meli ikaondoka naye kama kawaida. Alikuwa chini, kwenye chumba cha injini, na rafiki yake Okeny, aliyekufa zamani, alikuwa akipangusa mikono kwa pamba na kutabasamu. Vioo vya dirisha vilikuwa ndani ya maji, samaki wa ngege walipita polepole wakichungulia. Kisha Docus akashuka ngazi akiwa na sare yake ya zamani ya kijani, na kikapu cha sokoni, akiongea. Aliongea huku akishuka, aliongea huku akipita kati ya mapipa ya mafuta, na maneno yake yalionekana kwa macho, mapovu madogo yakimtoka mdomoni na kupanda. Ojera alinyoosha mikono kuyakamata na kila alilolishika lilipasuka. Docus alimtazama akihangaika. Akafunga mdomo. Mapovu yakaisha. Akageuka, akapanda ngazi na kikapu chake, bila haraka, kama mtu aliyekumbuka kwamba ana kazi kwingine.

Alishtuka shati limelowa. Pale konani skrini ilikuwa nyeusi tena. Lamunu alikuwa amemgeuzia mgongo, na mabega yake yalikuwa yanaruka. Ojera hakusikia kilio chochote. Alitazama tu mabega ya binti yake wa miaka ishirini na minne yakiruka bila sauti, na akajua ya kwamba jambo alilokuwa analiogopa limekwisha kutokea. Mtoto wake analia hatua nne kutoka kwake na yeye yuko ng'ambo ya maji. Kulikuwa na nini tena cha kulinda?

Jumamosi asubuhi alikitoa kitambaa, akakikunja vizuri, akampelekea Docus jikoni kwa mikono miwili kama kitu kilichoazimwa. Akaeleza kuhusu matundu na pumzi. Docus alikitazama kitambaa, akamtazama mume wake. Aliudhika, ilionekana, na kwa haki. Wiki tatu za kufuma si mchezo. Mwishowe alikichukua akakitandika chini ya chupa za chai mezani, akakipapasa mara moja, akaendelea kukaanga mukene, wale dagaa wa ziwani. Kwenye ile kona, alikokuwa ameiwasha mashine kuijaribu, feni zilikuwa zikinong'ona tu, naye akaizima.

Lamunu alipowasha saa saba unusu alidhani haijawaka. Aliinama akaweka shavu kwenye kasha. Akapiga simu kwa Pitshou, akacheka, akaja akamkumbatia baba yake na kusema kitu kirefu shingoni mwake, ambako hakuna midomo ya kutazama. Ojera akasema "ndiyo".

Nisikuweke roho juu kwa ajili ya mechi: walishinda, na mashine haikuzima hata mara moja. Lakini mimi sikukukalisha hapa kwa ajili ya mechi.

Lamunu alivaa hedifoni zake, wakaanza. Ojera aliketi kochini mwake, mikono magotini, akitazama ziwa lilivyotulia mbali chini ya jua. Nyumba haikuondoka. Alikuwa mtu mmoja, mzee mmoja, ameketi sebuleni mchana, na kimya kilimzunguka pande zote, naye akaona kwamba anaweza kukivumilia kwa dakika moja, na baada ya hiyo kwa nyingine.

Kati ya raundi ya kwanza na ya pili Lamunu alivua hedifoni, akageuka akitabasamu. Tabasamu likasimama. Hakuwa anamtazama baba yake. Alitazama nyuma ya bega la mzee. Macho yake yakaenda huko, yakarudi usoni kwa baba, yakaenda tena. Ojera akajua. Akageuka polepole.

Docus alikuwa amesimama hatua mbili nyuma yake na chupa ya chai mkononi. Mdomo wake ulikuwa ndio kwanza unafunga. Ilionekana kwamba alikuwa amesema kitu, na kukirudia, na kukirudia tena, katika nyumba ambayo sindano ingeanguka ukaisikia.

La kuvunda halina ubani. Ojera angeweza kukunja uso. Angeweza kusema alikuwa amesinzia. Aliinua kidole chake, chenyewe kwa mazoea kikaelekea kwenye ile kona, kikafika nusu ya njia, akakishusha.

"Mama Lamunu," alisema, "mimi sisikii. Si leo. Ni miaka mitatu."

Lamunu alisimama, lakini mama yake alimpa ishara arudi kwenye mechi yake. Docus akaiweka chupa chini. Uso wake ulipita mambo mengi kwa muda mfupi, na Ojera, aliyekuwa bingwa wa kusoma nyuso, aliyasoma yote isipokuwa la mwisho. Docus akazunguka kochi, akasimama mbele yake kwenye mwanga wa dirisha. Hakupiga kelele. Alisema polepole, na kila neno lilifika.

"Mwaka jana nilikuuliza kama umenichoka. Wewe unasema ndiyo. Halafu unaendelea kunywa chai."

Ojera akapiga hesabu. Mwaka mzima. Mwaka mzima mwanamke huyu amelala kando ya jibu lile, amempikia, amemfulia, na bado kila siku amerudi sokoni akaongea naye, akiongea na mtu aliyemwambia kwamba amemchoka. Alikuwa akihofia kwamba Docus ataacha kuongea, kumbe Docus alikuwa na kila sababu ya kuacha na hakuacha. Ojera akalia mbele ya mke wake na mbele ya binti yake, bila kujificha, machozi ya mzee ambayo hayana haraka.

"Sikusikia swali," alisema. "Ningelisikia ningekataa. Naogopa utaacha kuniambia vitu. Vile vitu vyako vidogo."

 Docus alijipangusa macho kwa ncha ya leso. Kisha akavuta kigoda kutoka kando ya meza, akakiweka mbele ya kochi, karibu hata magoti yao yakagusana, akaketi, akageuza uso wake vizuri kuelekea dirishani ili mwanga uuangukie. Akamimina chai vikombe viwili. Akakohoa kidogo, kama afanyavyo shahidi.

Alisema kwamba leo sokoni amemkuta Filda, yule jirani wa nyumba ya chini, amebishana na muuza mayai. Filda alidai kwamba kuku aliyefungwa chini ya meza ya yule bwana ni kuku wake, aliyepotea tangu Pasaka. Muuza mayai akasema kuku wote wanafanana. Filda akamwita kuku kwa jina, na kuku akaitika, na watu wote wakacheka, na muuza mayai akasema hata yeye akiitwa kwa sauti kali namna ile angeitika. Alisimulia taratibu, akirudia pale alipoona macho ya mume wake yamepotea, na habari yenyewe haikuwa na faida hata ya senti kwa mtu yeyote.

Ojera alikuwa ameinama mbele, kikombe kimepoa mkononi, akiitazama midomo ile bila kupepesa. Docus alipofika mwisho, akasubiri.

"Na huyo kuku," Ojera akauliza, "alikuwa wa rangi gani?"